Mfuko Mmoja na Mifuko 47: Fedha za Serikali kwa Elimu ya Awali Tanzania na Kenya

Mhadhara wa hadhara, Igunga

Maana ya elimu ya awali na kipimo cha fedha

Elimu ya awali ni mafunzo ambayo mtoto huyapata kabla ya kuingia darasa la kwanza. Tanzania Bara huitoa kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, ndani ya madarasa yaliyo katika shule za msingi. Kenya huitoa kwa miaka miwili, katika vituo ambavyo wananchi wengi bado huviita shule za chekechea. Zanzibar haimo katika ulinganisho huu kwa sababu elimu ya awali na ya msingi si jambo la Muungano: Serikali ya Mapinduzi ina sera yake na bajeti yake.

Fedha za elimu ya awali hupimwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutazama sehemu inayokwenda kwa watoto wadogo katika bajeti yote ya elimu. Mwaka 2019 UNICEF ilipendekeza sehemu hiyo ifike angalau asilimia 10, na Azimio la Tashkent la Novemba 2022 likazitaka serikali zilenge kiwango hichohicho. Nchi nyingi za kipato cha chini hutenga karibu asilimia 2. Njia ya pili ni kugawanya fedha yote kwa idadi ya watoto ili kuona kila mmoja anapata kiasi gani. Ya tatu ni kutazama nani analipa, yaani serikali kuu, serikali ya eneo, mzazi au mfadhili wa nje.

Watu hupenda kuanza na njia ya kwanza kwa kuwa inatoa tarakimu moja rahisi kukumbuka. Kwa Tanzania na Kenya, tarakimu hiyo haipatikani kwa usafi. Tanzania huchanganya fedha za awali na za msingi, na Kenya hutawanya fedha zake katika bajeti za serikali 47 za kaunti. Ndiyo maana swali la nani anashika mfuko linatangulia swali la kiasi kilichomo.

Fedha zilivyoanzia juu

Katika nchi zote mbili, fedha ya umma ilianza kwenye ngazi za juu za elimu ikashuka polepole. Tabora ni shahidi wa jambo hilo. Mji huo, uliokuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo, Ujiji na nchi za ziwa, ulipewa na Waingereza shule ya serikali miaka ya 1920, iliyokusudiwa zaidi watoto wa machifu watakaoutumikia utawala. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937. Watoto wa vijiji vya jirani, wenye umri wa miaka minne au mitano, hawakuwa na nafasi katika hesabu ya serikali.

Baada ya uhuru Tanganyika ilitanguliza sekondari na vyuo ili kupata watumishi. Elimu ya msingi kwa wote ilipewa nguvu na Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililolenga utekelezaji kufikia 1977. Sheria ya Elimu ya 1978 iliifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vilipata sheria yake mwaka 1981, lakini vilihesabiwa kuwa huduma ya ustawi wa jamii. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ndiyo iliyoiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na shule za msingi zikatakiwa kuwa na darasa la awali. Hata hivyo, fedha nyingi zilizofuata zilikwenda kwenye Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002, kisha kwenye mpango wa sekondari, MMES, ulioanza 2004.

Kenya ilipita njia nyingine. Tangu miaka ya 1960 shule nyingi za watoto wadogo zilijengwa kwa harambee: wanakijiji, makanisa, misikiti na mashamba makubwa vilijenga chumba, na wazazi wakamlipa mwalimu. Mwaka 1980 usimamizi wake ulihamishiwa Wizara ya Elimu. Mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya vya kufundisha walimu. Serikali iligharimia zaidi mafunzo, mitaala na ukaguzi, huku mshahara wa mwalimu ukibaki mikononi mwa mzazi.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana Januari 2003, Kenya ilipofuta ada za shule za msingi. Chekechea iliendelea kulipiwa, na darasa la kwanza likawa bure. Katika sehemu kadhaa wazazi maskini waliwaondoa watoto chekechea, au waliwarusha moja kwa moja hadi darasa la kwanza. Ngazi moja ikiwa bure na iliyo chini yake ikawa na ada, familia isiyo na kitu huiruka ile ya chini.

Tanzania: fedha ndani ya mfuko wa msingi

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitamka kwamba elimu ya awali ni ya lazima kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Serikali ilianza kwa kupeleka shilingi bilioni 18.77 kila mwezi kwa ajili ya elimumsingi bila malipo, yaani kuanzia awali hadi kidato cha nne.

Wazazi waliitika haraka. Watoto wa awali waliokuwa milioni 1 na ushei mwaka 2015 walifika takribani milioni 1.5 mwaka 2016. Walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa darasa na mwalimu mmoja, lakini katika shule za umma hesabu ya watoto kwa kila mwalimu mwenye sifa ilipita 100. Darasa lenye watoto 125 linahitaji walimu watano kwa kiwango hicho. Shule nyingi za vijijini zina mmoja, na mara nyingi ni mwalimu wa msingi aliyehamishiwa awali kuziba pengo.

Mzizi wa tatizo umo katika namna bajeti inavyoandikwa. Mwalimu wa awali huajiriwa na serikali, na mshahara wake hulipwa pamoja na wa walimu wa msingi wa halmashauri yake. Chumba cha awali hujengwa ndani ya mradi wa shule ya msingi. Ruzuku ya uendeshaji huingia kwenye akaunti ya shule, na mwalimu mkuu ndiye anayepanga kama itanunua chaki za darasa la saba au vifaa vya michezo vya awali. Kwa kuwa darasa la saba lina mtihani wa taifa na awali haina, ni rahisi kutabiri upande utakaoshinda.

Kiwango cha ruzuku nacho kimechakaa. Wakati wa MMEM kila mwanafunzi wa msingi alipangiwa shilingi 10,000 kwa mwaka, ambazo siku hizo zilikuwa karibu na dola 10 za Marekani. Tarakimu haikubadilika kwa miaka mingi, na sasa thamani yake haifiki dola 5. Sehemu ya fedha hiyo ilizuiwa ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu, hivyo kilichofika shuleni kilikuwa kidogo zaidi.

Fedha za maendeleo zimeongezeka kupitia miradi mikubwa. Fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19, kiasi cha shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, zilijenga mwaka 2021 na 2022 vyumba 15,000 vya madarasa, na 3,000 kati yake vilikuwa vya shule shikizi, zile zinazojengwa karibu na vitongoji vilivyo mbali na shule mama. Mradi wa BOOST, wenye mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Dunia, umelenga waziwazi elimu ya awali na msingi. Desemba 2021 ilizinduliwa pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayounganisha afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali.

Igunga: mfumo ukionekana kutoka kijijini

Igunga, wilaya iliyo kaskazini-mashariki mwa mkoa wa Tabora kwenye barabara kuu ya Singida hadi Nzega, inaonyesha jinsi fedha hizo zinavyokutana na mazingira. Sensa ya 2012 ilihesabu huko karibu watu 400,000. Wengi hulima pamba, mpunga, mahindi na mtama, na wanafuga ng'ombe. Wanyamwezi, Wasukuma, Wanyiramba na Wataturu wanaishi humo kwa kuchanganyika, na mtoto wa kijijini mara nyingi hufika shuleni akiijua lugha ya nyumbani kuliko Kiswahili.

Kaya zimetawanyika, kama ilivyo kawaida ya wafugaji. Mvua zikikolea, kati ya Desemba na Aprili, mto Manonga na mbuga ya Wembere hufurika na njia nyingi hukatika. Mtoto wa miaka mitano hawezi kutembea kilomita tano kwenye tope na kurudi saa tano bila kula. Umbali kwake ni gharama, hata pasipo ada. Kwa eneo kama hili shule shikizi ina faida kubwa kuliko chumba cha ziada katika shule iliyoko barabarani, lakini inataka mwalimu wake, na mwalimu huyo hutoka kwenye ajira zinazoamuliwa Dodoma.

Tabora ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza kati ya 2014 na 2020. Mpango huo uliwachukua watoto wasiofikiwa na darasa la awali na kuwapa mafunzo ya utayari wa kuanza shule kwa muda wa wiki 12 hadi 16. Wafundishaji walikuwa vijana wa kijiji waliochaguliwa na jamii, na kazi yao kubwa ilikuwa hadithi, nyimbo, michezo na mazoea ya Kiswahili. Gharama yake ilikuwa ndogo kwa kuwa haikuhitaji jengo jipya wala mwalimu wa mshahara kamili. Msaada ulipokoma, swali likawa nani atawalipa posho vijana wale, na bajeti ya kawaida haikuwa na kasma iliyoandikwa kwa ajili yao.

Mapato ya ndani ya halmashauri ya wakulima wa pamba yana mipaka. Ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, na bei ya pamba huamuliwa mbali na Igunga. Mwaka wa ukame au wa bei mbaya, mapato hushuka hata kama idadi ya watoto imeongezeka. Halmashauri inaweza kukamilisha boma la darasa lililoinuliwa na wananchi hadi usawa wa lenta. Kubeba mshahara wa walimu wa awali kwa mapato hayo isingeweza.

Chakula ni gharama nyingine inayobaki nyumbani. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 unataja chakula, sare na madaftari kuwa wajibu wa mzazi. Uji wa saa nne hutegemea debe la mahindi ambalo kila kaya hutoa, na mavuno yakiwa haba sufuria haipandi jikoni. Kwa mtoto wa awali uji huo ni sehemu ya mafunzo, kwa sababu asiye na kitu tumboni hakai darasani wala hacheki na wenzake.

Kenya: mifuko 47

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiweka elimu ya watoto wadogo kabla ya msingi chini ya serikali za kaunti, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya malezi. Kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Elimu ya msingi na ya sekondari ilibaki kwa serikali ya kitaifa. Mtoto wa Kenya, kwa hiyo, huhama kutoka serikali moja hadi nyingine siku anapotoka chekechea kwenda gredi ya kwanza, hata kama madarasa yote mawili yako katika ua mmoja.

Kaunti hupata fedha kutoka kwenye mgawo wa mapato ya taifa, ambao kwa katiba haupaswi kupungua asilimia 15. Mgawo huo ulikuwa shilingi za Kenya bilioni 190 mwaka wa fedha 2013/14 na ukafika bilioni 370 mwaka 2021/22. Fomula ya kwanza iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, sehemu iliyo sawa kwa kila kaunti 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na nidhamu ya matumizi 2. Fedha hiyo haina sharti la kutumika kwa elimu. Bunge la kaunti ndilo linaloamua, na chekechea hushindana na hospitali, maji na barabara.

Matokeo yaliyoonekana kwanza ni majengo. Darasa jipya ni kitu ambacho mwakilishi wadi anaweza kukizindua mbele ya wapiga kura wake, na kaunti nyingi zilijenga madarasa ya chekechea katika kila wadi. Mwalimu ni gharama ya kila mwezi isiyo na sherehe. Kanuni za fedha za 2015 zinazitaka kaunti zisitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato kwa mishahara, na hospitali huchukua sehemu kubwa ya kiwango hicho. Kaunti nyingi ziliwaajiri walimu wa chekechea kwa mikataba na kwa viwango vinavyotofautiana. Tume ya kuwaajiri walimu, TSC, huwasajili lakini haiwalipi.

Tofauti kati ya kaunti ni pana. Nairobi ilianzisha mwaka 2023 mpango wa Dishi na Kaunti, ambapo mtoto wa shule ya umma, akiwemo wa chekechea, hupata chakula cha mchana kwa shilingi 5 za Kenya, huku serikali ya kaunti na washirika wake wakilipa gharama inayobaki. Katika kaunti kavu za kaskazini mtoto wa rika hilohilo anaweza kukosa hata maji ya kunywa kituoni. Mgawo wa kitaifa nao umechelewa mara kadhaa kwa miezi, na mwalimu wa mkataba ndiye anayeuhisi uchelewaji huo kwanza.

Kenya pia imejaribu mambo kwa fedha za nje. Mpango wa Tayari, uliofanyika kati ya 2014 na 2018 katika kaunti za Laikipia, Nairobi, Siaya na Uasin Gishu, ulitoa vitabu, miongozo ya walimu na ufuatiliaji wa karibu darasani. Tangu 2019 mtaala wa umilisi umeitambua miaka miwili ya awali kuwa mwanzo rasmi wa safari ya shule.

Ulinganisho

Kwa jumla Kenya hutumia zaidi kwa elimu. Katika miaka ya karibuni matumizi yake yamekuwa karibu asilimia 5 ya pato la taifa, na ya Tanzania yamekuwa kati ya 3 na 4. Kenya pia ina kipato kikubwa zaidi kwa mtu. Matokeo yanaonekana katika uandikishaji. Mwaka 2019 Kenya, yenye watu milioni 47.6, ilikuwa na watoto zaidi ya milioni 2.7 katika elimu ya awali. Tanzania, ambayo sensa yake ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 pamoja na Zanzibar, imekuwa na takribani milioni 1.5 upande wa Bara. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na miaka miwili dhidi ya mmoja, na sehemu nyingine na vituo vya binafsi na vya kidini, ambavyo Kenya ni vingi na vimezoeleka tangu zamani. Tarakimu kubwa ya Kenya, kwa hiyo, imebeba pia fedha za wazazi.

Katika uwazi wa bajeti, Kenya ina nafuu. Idara ya elimu ya kaunti ina fungu linalojulikana, na mkazi anaweza kumuuliza gavana fedha za chekechea zimekwenda wapi. Nchini Tanzania, mkazi wa Igunga akiuliza swali hilo ataonyeshwa fungu la elimu ya msingi, ambamo watoto wa awali wamo bila kutajwa.

Katika hadhi ya mwalimu, Tanzania ina nafuu. Mwalimu wa awali aliyeajiriwa na serikali ana mshahara, pensheni na upandaji wa daraja sawa na mwenzake wa msingi mwenye kiwango kilekile cha elimu, na hali hiyo ni ileile awe Igunga au Kinondoni. Tatizo ni uchache wao. Kenya ina walimu wengi zaidi, lakini wengi wao wana mikataba inayoisha na malipo yanayotegemea kaunti.

Katika usawa wa maeneo, kila mfumo una pengo lake. Mfumo wa Tanzania unaahidi kitu kimoja kila mahali, kisha walimu wanajirundika mijini na kando ya barabara kuu. Mfumo wa Kenya unaruhusu kaunti yenye ari kwenda mbele, na unaiacha yenye uzembe nyuma bila wa kuisukuma. Kwa wafadhili nchi hizi zinafanana: mipango ya utayari ya Tanzania na Kenya ilionyesha kwamba mafunzo ya gharama nafuu yanawezekana, na katika nchi zote mbili kazi ngumu ilikuwa kuyahamishia kwenye bajeti ya kawaida.

Mambo ya kuangaliwa katika bajeti ya halmashauri

Ulinganisho huu hauhitimishi kwamba Igunga ingefaidika kwa kukabidhiwa elimu ya awali yote kwa mapato yake ya pamba. Kaunti za Kenya zenyewe haziiendeshi kwa ushuru wa ndani. Zinategemea mgawo wa taifa. Kinachoweza kuchukuliwa kutoka Kenya ni fungu linalosomeka, na kinachofaa kulindwa Tanzania ni ajira ya kudumu ya mwalimu.

Kwa diwani, mjumbe wa kamati ya shule au mzazi anayetaka kujua kama serikali inawekeza kwa watoto wadogo, mambo matano yanatosha kuangaliwa kila mwaka. La kwanza ni kama fedha za awali zimetajwa peke yake katika bajeti ya halmashauri. La pili ni idadi ya walimu wenye sifa za awali, isichanganywe na jumla ya walimu wa shule. La tatu ni ruzuku inayotumika kwa vifaa vya awali katika kila shule. La nne ni idadi ya vitongoji vilivyo mbali na darasa la awali na visivyo na shule shikizi. La tano ni gharama iliyobaki kwa mzazi, hasa chakula.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Januari 2025, imeongeza elimu ya lazima hadi miaka 10 na imepunguza elimu ya msingi hadi miaka sita. Sekondari ya chini itahitaji vyumba na walimu wengi kwa pamoja. Fedha za awali zikibaki ndani ya mfuko wa msingi bila kasma yake, ndizo zitakazopunguzwa kwanza, na upungufu huo hautaonekana kwenye hesabu yoyote.